Dirisha la wazee liko mbali na wazee

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wazee wa milimani Lushoto, hasa sisi wa vijiji vya nyuma ya Mlalo, ambako gari linaishia barabarani na kilichobaki ni njia ya miguu.

Mama yangu ana miaka 78, ana presha na sukari. Kitambulisho cha matibabu bila malipo anacho. Amekifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ili mvua isikiloweshe. Kila mwezi nampeleka kliniki wilayani. Tunaamka saa tisa usiku, tunatelemka kwa tochi, yeye na mkongojo wake, hadi panapofika bodaboda, kisha tunapanda kosta. Nauli yetu wawili, kwenda na kurudi, haipungui shilingi 24,000, na hiyo ni fedha ya maharage yake mwenyewe.

Tukishafika, mapokezi sina la kuyalaumu. Dirisha la wazee lipo. Watumishi wanampa shikamoo, wanampitisha mbele ya foleni, wanampima, na hakuna anayemdai senti. Kisha tunapewa karatasi ya dawa: moja ipo, mbili hazipo, kanunueni nje. Duka la dawa halitambui kitambulisho cha mzee. Hapo ndipo bure inapoishia. Mara nyingi tumenunua vidonge vya siku kumi, na mama, bila kuniambia, akawa anameza leo anaruka kesho ili vifike mwisho wa mwezi.

Masika iliyopita njia iliporomoka. Bodaboda hazikupanda, na mama alikosa kliniki mara mbili mfululizo. Asubuhi moja nilimkuta mdomo umeenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Vijana wa kijiji walimbeba kwa machela hadi barabarani, wakipokezana, matope yakiwafika magotini. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini upande ule haujarudi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Wiki kadhaa kabla ya kiharusi alikuwa akisema mkono unakufa ganzi. Alisema hivyo kwa Kishambaa. Kiswahili chake ni cha sokoni, kinamtosha kuuza maharage, hakimtoshi kumweleza daktari mgeni jinsi mwili unavyomsaliti. Muuguzi wa zahanati yetu, ambaye ni mzaliwa wa huku, angemwelewa mara moja.

Na zahanati tunayo, nusu saa kwa mwendo wa mama alipokuwa mzima. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati, na wananchi tulichangia mawe, mchanga na nguvu zetu. Mtoto anachanjwa pale, mjamzito anapimwa pale. Mwenye presha anaambiwa aende wilayani.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003. Msamaha wa matibabu kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo tunaujua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Yote ni mema, lakini yanamsaidia mzee aliyekwisha kufika dirishani. Wenzetu Zanzibar, tangu Aprili 2016, wanawapa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii kila mwezi. Mzee wa huko walau ana cha kuanzia safari. Huku kwetu watoto wengi wako Dar es Salaam na Tanga, na mzee asiye na wa kumshika mkono usiku ule hafiki kabisa. Majirani zangu wawili waliacha kliniki kwa sababu hiyo tu.

Ninachoomba si kigeni. Watoto wa vijiji vya mbali wanafuatwa na huduma za mkoba: siku inatangazwa, wauguzi wanakuja na chanjo kwenye kisanduku cha barafu, akina mama wanakusanyika. Dawa nyingi za presha hazihitaji hata barafu. Mganga mkuu wa wilaya na madiwani wetu watenge siku moja ya mwezi, na mashine ya presha, kipimo cha sukari na dawa zenyewe vipandishwe hadi zahanati. Na mzee ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi mitatu kabla masika haijaanza, asilazimike kutelemka kila mwezi.

Mama anatakiwa kliniki Alhamisi ijayo. Nimeshaongea na vijana wanne wa machela, wawili wamekubali.

Msomaji wako,
Mlalo, Lushoto