Wagenia: Mgeni anaondoka na pesa zake mfukoni

Kila mara utalii unapozungumzwa hapa Kisangani, wimbo ni mmoja: watalii waje kwa wingi. Barabara itengenezwe, tikiti ya ndege ishuke bei, usalama urudi, ndipo fedha zitakapoingia. Sikatai. Lakini mvuvi wa Wagenia hatengenezi barabara wala hapangi bei ya tikiti. Anachoweza kubadilisha ni saa moja anayokaa naye mtu aliyekwisha kufika ukingoni mwa mto.

Na watu wanafika. Zaidi ya kilomita 1,700 za mto zinatutenganisha na Kinshasa, na meli haiwezi kupita hapa, kwa sababu maporomoko saba ya Boyoma yameziba njia kwa karibu kilomita 100 hadi Ubundu. Abiria lazima ashuke Kisangani. Ongeza wazazi wanaokuja kuona watoto wao wakitunukiwa diploma UNIKIS, wafanyakazi wa mashirika, wajumbe wa semina. Wengi wana mchana mzima bila kazi, na wote wamesikia habari za wavuvi wanaosimika miti mikubwa kati ya miamba na kuning'iniza mitego ya vikapu mbele ya maji makali.

Basi wanakwenda. Bei inatajwa kwa kumtazama mtu sura na viatu. Baada ya mabishano anaonyeshwa mitego, anapiga picha, mwingine anadai matabishi, kisha anapanda pikipiki kurudi mjini. Jioni anakula hotelini samaki aliyekuja ndani ya barafu kutoka baharini, ilhali ametoka kuwaona wa mto wakiwa hai!

Zanzibar wana ziara za mashamba ya viungo. Mgeni ananusa karafuu, anaonja mdalasini, mara nyingi analishwa chakula cha mchana, na kabla ya kuondoka anauziwa vifurushi. Ni mgeni yuleyule mmoja, lakini ameacha pesa mara tatu, tena kwa furaha.

Kwa nini Wagenia pasiwe na liboke ya samaki na lituma, vilivyopikwa palepale na akina mama wanaouza samaki hao kila siku? Kwa nini msukaji wa mitego asiuze vikapu vidogo vya kubebeka? Kabla ya yote hayo, pawekwe ubao wenye bei moja kwa franka. Anayeona kwamba jirani yake amelipa nusu harudi, na akifika nyumbani anawaambia wenzake wasijisumbue. Aliyeridhika na kuambiwa saa ya kuinua mitego kesho huja tena, pengine na rafiki wawili, bila tangazo lolote la redio.

Kuna pingamizi ambalo silichukulii kirahisi. Biashara ikinoga, wenye mitaji watatoka katikati ya mji na majiko yao na vinywaji baridi, na wenye mto watabaki kubeba mizigo. Kwa hiyo wavuvi na akina mama wakubaliane mapema nani anauza nini, na mapato ya kiingilio yasomwe hadharani kila wiki, hesabu ikiwa mbele ya vijana na si kwa wazee pekee. Bila hilo, ubao wa bei utang'olewa na wenyeji wenyewe.

Kwa serikali ya jimbo na meya nina ombi dogo kuliko barabara. Jiko la kwanza likiwashwa pale, watoza kodi wa kila ofisi, wenye karatasi na wasio nazo, watafika kabla ya mteja wa pili. Iwekwe kodi moja, ilipwe mahali pamoja kwa risiti, na isianze mpaka akina mama hao wamerudisha pesa walizonunulia sufuria.