Siku ya Upatanisho hata Bunda inajulikana
Mwandishi, makala yako imeiacha Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, Yerusalemu tu. Huku Bunda na Majita, mkoani Mara, muulize Msabato yeyote anayesoma lesoni, atakutajia Oktoba 22, 1844. Wafuasi wa William Miller kule Marekani, chimbuko la Usabato, walimngoja Yesu arudi siku hiyo, maana waliamini kwamba kwa hesabu ya Wayahudi Wakaraiti ndiyo ilikuwa Siku ya Upatanisho. Hakuja, wakalia hadi alfajiri. Sisi Wasabato hatufungi saa 25 bila tone la maji kama Wayahudi, ila mbuzi wawili wa Walawi 16 hata watoto wetu wanawajua. Na ndugu zangu wa Butiama, vita vya Waarabu na Israeli vya Oktoba 6, 1973 vilianza siku hiyohiyo takatifu. Kabla mwezi haujaisha, serikali ya Mwalimu Nyerere ilishavunja uhusiano na Israeli.