MACHOZI YA ZILIPENDWA HAYAJENGI UKUMBI



Kuna kilio kimezoeleka mijini mwetu, na leo hatuna budi kukijibu. Kila mwisho wa juma, penye viti, meza na spika, utawakuta wenye mvi wamekusanyika kusikiliza zilipendwa. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe likianza kulia, nao huanza. Watataja suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Watataja bugi la Jumapili mchana, nywele zilizochanwa zikasimama kama kichuguu, na soul iliyopigwa mpaka sakafu ikatoa vumbi. Kisha utawasikia: "Siku zetu kulikuwa na muziki, na kulikuwa na mahali pa kwenda. Vijana wa leo wanapiga kelele tu."

Hatuwakatazi kukumbuka. Mtu asiyekumbuka ujana wake ni gogo. Nasi twakubali kwamba muziki ule ulikuwa muziki kweli. Lakini twawauliza wazee hawa swali moja: hapo mahali pa kwenda pamekwenda wapi? Siku ukumbi ulipogeuzwa ghala, nani alikuwa diwani? Nani alikuwa katibu? Nani alikuwa meneja wa shirika siku magitaa ya bendi yalipofungiwa stoo mpaka panya wakala nyaya? Hawa vijana mnaowalaani walikuwa hawajazaliwa.

MMESAHAU MLIVYOITWA

Tuanze na hilo neno "kelele". Wazee wetu, mmesahau upesi. Tarehe 10 Desemba, 1962, siku moja baada ya kuzaliwa kwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisimama akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Siku hiyo alisikitika kwamba wengi wetu tumejifunza rumba, chacha, rokinroli na twisti, lakini hatuzijui gombe sugu wala lelemama. Maneno yale yaliwahusu nani? Yaliwahusu ninyi, vijana wa wakati ule.

Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, nayo ikaanza tarehe 1 Januari, 1969. Sketi fupi zikapigwa vita. Mawigi yakapigwa vita. Suruali za kubana zikapigwa vita. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo muziki wa soul, ule wa akina James Brown, ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Gazetini na mitaani mliitwa wapotovu, mkaitwa watumwa wa mambo ya kigeni. Leo ninyi mliotajwa hivyo ndio mmeketi kwenye kiti kile kile cha hakimu, mkimwita kijana wa Manzese mpotovu kwa sababu anapiga singeli. Nyani haoni kundule.

Twasema wazi, kwa kuwa gazeti la Chama lisilosema kweli ni karatasi ya kufungia vitumbua: wenzetu wa mwaka 1969 walikuwa na neno la haki. Nchi iliyotoka utumwani yapaswa kuuliza inacheza wimbo wa nani. Lakini Operesheni ile ilipima upana wa suruali badala ya kuhesabu kumbi. Ilimfukuza kijana ngomani bila kumwonyesha ngoma nyingine ilipo. Kazi yenye maana ilifanyika baadaye, mwaka 1971, Umoja wa Vijana ulipokuwa na bendi yake, Vijana Jazz. Hapo kijana hakuambiwa tu acha. Aliambiwa njoo, shika hili gitaa, imba kwa lugha yako. Na nyimbo za bendi ile ndizo leo mnazililia.

MUZIKI ULE ULIKUWA NA MWENYEWE

Hapa ndipo penye shina la jambo, na hapa ndipo wenye kulia hawataki kupatazama. Wao husema muziki wa zamani ulikuwa mzuri kwa sababu watu wa zamani walikuwa wazuri. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mungu hagawi vipaji kwa awamu. Muziki ule ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa na mwenyewe.

Tazameni. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, katika utawala wa Mwingereza, na baada yake miji mingi ikawa na jazz yake. Hizi hazikuwa duka la mtu mmoja. Zilikuwa vyama, vyenye wanachama na viongozi, vyenye ada na vyombo vya shirika. Morogoro, mji uliozungukwa na mashamba ya mkonge, ulikuwa na Morogoro Jazz upande huu na Cuban Marimba ya Salum Abdallah upande ule, na kila upande ulikuwa na jeshi la wapenzi. Tanga ilikuwa na Jamhuri na Atomic. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz. Kabwela alikuwa na bendi yake kama alivyokuwa na timu yake ya mpira.

Uhuru ulipokuja, kazi ile ikapata mgongo imara. NUTA, chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1964, kikawa na NUTA Jazz, na mpiga gitaa akawa mtu wa mshahara kama karani na dereva. Polisi wakawa na bendi. Jeshi likawa na bendi. Jeshi la Kujenga Taifa likawa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, likaichukua Mlimani Park. Taifa lenyewe likawatuma wanamuziki wake nje: Morogoro Jazz ya Mbaraka ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, na Afro 70 ya Patrick Balisidya ikatuwakilisha Lagos mwaka 1977.

Je, ni ajabu basi kwamba muziki ulistawi? Mpe mtu chombo, mpe ukumbi, mpe mshahara, mpe mahali pa kufanyia mazoezi asubuhi bila kufukuzwa, kisha mwache miaka 10. Ataimba.

Wapo watakaosema: mishahara ile ilikuwa midogo, wanamuziki walihamahama kutoka bendi moja kwenda nyingine, na bendi za mashirika zililazimika kuimba sifa za wakubwa. Ni kweli. Hatuuzi hapa picha iliyopakwa rangi. Lakini mshahara mdogo hupandishwa, na wimbo wa sifa hufutwa. Ukumbi uliouzwa haurudi.

MWANAMUZIKI ALIVYOLIWA

Kwa hiyo na tuseme pia jasho la watu hawa lilikokwenda. Bendi ziliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi, na sauti zao zikaingia kila nyumba yenye redio, kutoka Bukoba mpaka Mtwara. Santuri zetu zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, njia ya santuri nayo ikafungwa, mpaka mpaka ule ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Wimbo ukabaki redioni, na mwimbaji akabaki na njaa.

Mmoja wao alikuwa Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki. Kijana wa Dar es Salaam, aliyeimba Safari Trippers na baadaye Dar International. Nani kati yenu, ninyi mnaolia, hajui wimbo wake hata mmoja? Naam. Miaka yake ya mwisho alijipatia riziki kwa kuuza kanda, akafariki mwaka 1995 akiwa maskini. Alipokuwa hai, mlinunua soda mkacheza nyimbo zake. Leo hayupo, mnamlilia. Mapenzi gani hayo yanayongoja maiti?

Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Sheria tunayo. Lakini sheria bila wanachama wa kuisukuma ni mbwa asiye na meno. Kila baa inayojaza viti kwa nyimbo za zilipendwa inafanya biashara kwa jasho la mtu. Ninyi wapenzi wa zilipendwa, mliokaa kwenye viti hivyo, mmewahi kumwuliza mwenye baa swali hili hata mara moja: warithi wa mwimbaji huyu wamepata nini? Hamjauliza. Mmeagiza chupa nyingine.

CHAMA KILIZALIWA NGOMANI

Atatokea mwanachama aseme: haya ni mambo ya starehe, gazeti la Chama lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Ndugu huyo hajui historia ya nchi yake.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Mwaka uliofuata ilihitaji wanawake, nao hawakuwa ofisini wala hawakuwa vyuoni. Walikuwa wapi? Walikuwa ngomani. Bibi Titi Mohamed, mwenyewe mwimbaji wa ngoma, aliviendea vikundi vya lelemama vya Dar es Salaam, kikundi kwa kikundi, akazungumza na viongozi wake, na wanawake kwa maelfu wakakata kadi. Mkoloni alikuwa na askari na majalada. Sisi tulikuwa na ngoma.

Mkoloni mwenyewe alilijua jambo hili. Baada ya vita vya pili vya dunia alijenga vituo vya ustawi mijini, vile ambavyo midomo ya watu iliviita olofea, ili askari waliorudi vitani wawe na mahali pa kukaa asije akawa na shida nao. Alikusudia kuwatuliza watu. Watu wakacheza dansi mle ndani, wakazungumza, wakajuana, kabila kwa kabila. Basi kama mkoloni, aliyekuwa hatupendi, alituona tunastahili ukumbi, sisi tunaojitawala twawezaje kusema kijana wetu hastahili?

Maana tazameni hali ilivyo. Kijana wa Tandale leo ana muziki, wala si kweli kwamba hana. Singeli ameitunga mwenyewe, uswahilini, bila kumwiga Mmarekani wala Mwingereza. Ukiitazama vizuri, ndilo jambo lile lile Mwalimu alilolitaka mwaka 1962: muziki uliotoka kwetu. Lakini hana pa kuupigia. Anafunga spika barabarani usiku, watu wanakosa usingizi, polisi wanakuja, kigodoro kinapigwa marufuku, na mzee wa zilipendwa anapiga makofi. Twawauliza: mlitaka akapigie wapi? Ukumbi wa kata una kufuli. Ukumbi wa halmashauri unakodishwa kwa harusi za wenye fedha. Uwanja wa wazi umepimwa viwanja. Mmemfungia milango yote, kisha mnamlaumu kwa kusimama nje.

TUFANYE NINI

Twataka mambo matatu, na twayataka kwa wanachama wenyewe kabla ya kuyataka kwa Serikali.

Kwanza, kila tawi lenye ukumbi lifungue mlango wake. Siku mbili kwa juma, tangu saa 9 alasiri mpaka saa 2 usiku, ukumbi uwe wa vijana wa mtaa, wapige muziki wautakao, bugi, taarabu, dansi au singeli. Tawi lisilofanya hivyo liulizwe katika mkutano mkuu ukumbi ule umejengwa kwa ajili ya nani.

Pili, kanda zilizorekodiwa na RTD, ambazo sasa zipo mikononi mwa TBC, zihesabiwe kuwa mali ya taifa kama zilivyo nyaraka za uhuru. Zitunzwe, zinakiliwe kabla hazijaoza, zisikizwe mashuleni, na jina la kila mpigaji liandikwe pamoja na wimbo wake. Taifa lisilojua nani alipiga gitaa lake litajuaje nani alilinda mpaka wake?

Tatu, vyama vya wafanyakazi na vya ushirika virudie kazi yao ya kulea bendi. NUTA Jazz, baada ya kubadili majina mara kadhaa, yaani JUWATA, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma, ilidumu miongo mingi kuliko makampuni mengi yaliyoundwa kwa mbwembwe. Mti uliopandwa na wafanyakazi ulizaa. Upandwe mwingine.

Na ninyi wazee wenye mapenzi ya kweli na ujana wenu, hatuwafukuzi. Twawahitaji. Mnajua kuendesha klabu, mnajua kukusanya ada, mnajua gitaa la pili linaingia wapi. Inukeni kwenye viti vya baa, mwende kwenye mkutano wa tawi Jumamosi ijayo, mkaombe funguo za ukumbi. Mkinyimwa, mrudi Jumamosi ya pili mkiwa wengi zaidi. Asiyekuwa tayari kuomba funguo na anyamaze, asitupigie kelele na kilio chake.

Tuliupata Uhuru kwa sababu tulikuwa na mahali pa kukutana. Watoto wetu nao wapate mahali.

UHURU NA KAZI!