Hatimiliki si kama PIN: mtu wa pili ajue ilipo

PIN yako usimwambie mtu, hata mke au mume. Hilo tumelisema miaka yote na hatubadilishi neno. Shida ni kwamba wengi wetu tukinunua nyumba, sheria hiyo hiyo tunaipeleka kwa hatimiliki. Tunaificha chini ya godoro au kwa sanduku la bati, na hakuna mwingine anayejua. Kwa maoni yetu, hilo ni kosa.

Fikiria mwenye nyumba augue ghafla au afariki. Familia itapekua kabati zote, na wakati huo huo ndugu au dalali anafika na hadithi yake kuhusu ploti. Nyumba ipo, karatasi haionekani.

Wengine watasema, “Mimi nimepiga picha, iko kwa simu.” Picha ni ya kumbukumbu tu. Ukitaka kuuza au kuweka nyumba rehani, utaulizwa hati yenyewe. Na picha hiyo ikikaa pamoja na ya kitambulisho chako, mwizi wa simu amepata jina, namba ya kitambulisho na namba ya ploti. Tapeli anayetaka kujifanya wewe atafurahi sana. Kwa hivyo usiitume ovyo kwa WhatsApp, na simu yenyewe ifunge kwa nywila.

Hati halisi tunapendekeza iwekwe benki. Kuna benki zinazowahifadhia wateja nyaraka kwa ada. Ukiona ada ni kubwa, linganisha na safari ya hati iliyopotea: ripoti ya polisi, hati ya kiapo, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kungoja siku 60 kabla ya kupewa nyingine. Ukiamua kukaa nayo nyumbani, itie kwa mfuko usioingia maji, iweke kwa sefu, mbali na sakafu na jikoni. Mafuriko na moto havibishi hodi. Na usimwachie dalali hata siku moja. Kama ulinunua kwa mkopo wa benki, hati itabaki kwao hadi umalize deni. Wewe hakikisha una nakala.

Kuna karatasi moja lakini ambayo iko kwa simu kweli: ujumbe wa malipo. Kama ulituma amana au awamu kwa simu, zile SMS ni ushahidi wako, na simu ikipotea zinaenda nayo. Omba taarifa ya akaunti ya miezi uliyolipa, ichape, uiweke pamoja na mkataba wa mauzo, risiti ya ushuru wa stempu na risiti za reti za kaunti. Siku muuzaji akidai hukumaliza kulipa, hutahangaika kutafuta.

Sasa chagua mtu mmoja unayemwamini: mwenzi wako, mtoto mkubwa au wakili. Huhitaji kumpa hati wala ufunguo. Mwambie tu iko wapi, na nani wa kuuliza ukiwa haupo. Fanya hivyo wiki hii, kabla shughuli hazijakusahaulisha.

PIN ni siri ya mtu mmoja. Nyumba ni ya familia.