Usiuze Maji ya Bluu Ukaficha Tope

Wauzaji wenzangu, leo nasema kitu ambacho wengine hamtakipenda. Ugumu wa bidhaa yako unatakiwa ukae kwenye tangazo, mahali ambapo mteja atauona kabla hajatuma hela. Mimi nilijifunza hili siku niliporudisha 180,000 kwenye safari iliyoniingizia faida ya 70,000.

Nauza safari za siku moja hapa Kilwa Masoko. Ofisi yangu ni simu. Nakusanya watu WhatsApp na Instagram, nashughulikia kibali cha magofu, nakodi boti, napika pilau, tunakwenda Songo Mnara. Magofu ya Songo Mnara na ya Kilwa Kisiwani yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, jina linajiuza lenyewe. Mimi nilikuwa naweka picha moja tu: maji ya bluu, mchanga mweupe, na maneno "Njoo uogelee Songo Mnara, 60,000 kila kitu ndani. Maelezo njoo DM."

Ambacho sikukiandika ni kwamba boti haikufikishi mlangoni. Unashuka, unakanyaga maji na tope, unapita kwenye mikoko mpaka nchi kavu. Nilijua. Nikajiambia wakishalipa watazoea.

Wakaja watu sita kutoka Dar, kilomita kama 300. Mmoja alikuwa mama wa makamo, binti yake amemlipia kama zawadi. Nilichagua Jumamosi kwa sababu mishahara ilikuwa imetoka. Nahodha wangu, mtu mzima, aliniuliza, "Mwanangu, umeangalia mwezi?" Sikuwa nimeangalia. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua lenyewe. Huku kwetu siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi na yanakupwa kama saa nne. Sisi tukafika saa nne na nusu asubuhi.

Bahari ilikuwa imekwenda zake. Boti ikakwama mbali, tukatembea kwenye tope karibu nusu saa. Yule mama kandambili zake zikabaki humo, akakanyaga chaza kwenye mizizi ya mikoko, damu zikamtoka. Binti yake alimshika mkono njia nzima bila kunisemesha. Tulipofika, pa kuogelea hapakuwa na maji ya kufika magotini.

Jioni mmoja wao akaweka status: "Tumeuziwa picha." Maneno mawili tu. Nilirudisha nusu ya hela ya kila mtu, 30,000 mara sita. Hesabu nimeshawapa juu: hasara 110,000, na sikuweza kumlaumu mtu. Mama yule mguu ulipona, lakini binti yake hakunijibu tena hata salamu.

Nikakumbuka safari niliyowahi kwenda mimi kama mteja, maporomoko ya Sanje kule Udzungwa (siyo kisiwa chetu cha Sanje ya Kati). Barabarani unapita bonde la Kilombero, miwa na mpunga, halafu unaanza kupanda msituni. Maji yanaanguka kama mita 170. Aliyeniuzia ile safari aliniambia kabla sijalipa: kupanda ni jasho, njia ikilowa inateleza, maji ni ya baridi, vaa viatu vya kufunga. Nilipanda nahema, magoti yanauma, na sikulalamika hata mara moja. Nilipoingia kwenye yale maji niliona nimeyapata kwa jasho langu. Ugumu ni uleule, ila pale niliambiwa mapema, na yule mama wa Dar hakuambiwa.

Sasa hivi tangazo langu linasomeka hivi: "Songo Mnara. Utatembea kwenye maji na tope, vaa viatu vya kufunga. Mwenye magoti mabovu aniambie kwanza. Tarehe tunapanga kwa maji, siyo kwa mshahara." Na chini ya picha ya bluu nimeweka ya pili, miguu yangu mwenyewe imejaa tope.

Muuzaji mwenzangu akanipigia: "Dada, unajiharibia soko." Sitawadanganya, mwezi wa kwanza maulizo yalipungua. Wapo waliosoma neno tope wakakimbia. Lakini hao ndio wangekimbia wakiwa katikati ya mikoko, hela yangu ya boti imeshalipwa. Waliobaki wanakuja wamejiandaa, na kitu cha kwanza wanachorekodi ni lile tope.

Siku maji yakigoma, nabadilisha bidhaa waziwazi. Nawaambia leo Songo Mnara hapafai, twendeni Kilwa Kisiwani, ni kuvuka mlango wa bahari tu. Huko nawapeleka Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane juu ya bahari. Hakuna kuogelea pale, ni gofu, na hilo nalo nalisema kabla.

Wewe huuzi safari, unauza magauni ya mtumba, ufuta, mafuta ya nazi. Ni yaleyale:

1. Gauni lina doa? Piga picha doa, liweke picha ya pili.
2. Mzigo unachelewa siku tatu mpaka Lindi? Andika siku tatu, usiandike "chap".
3. Mafuta ya nazi yanaganda kwenye baridi? Mwambie mteja wa Mbeya kabla hajadhani umemuuzia feki.
4. Kuna mtu bidhaa yako haimfai? Mtaje. Utapoteza oda moja, utaokoa jina.

Mteja hamchukii muuzaji kwa sababu ya tope. Anamchukia kwa sababu alilijua akanyamaza.

Haya, bidhaa yako ina tope gani? Liandike hapa chini, kisha nenda kaliandike kwenye tangazo lako leo hii.