Arosto na Masafa ya Matinyani

Mzazi wa Matinyani, Kitui, ambaye mwanawe amerejea kutoka Mombasa hali ameghilibiwa na unga wa heroini, akamshuhudia usiku kucha akitetemeka kwa arosto, yaani mateso ya kuukosa unga huo, hatuthubutu kumlaumu akibisha hodi kwa mganga wa mitishamba. Kwani methadoni, dawa ya hospitali ya kutuliza arosto, iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na Mathari iko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake. (Nauli ya kila alfajiri ataitoa wapi?)

Walakini hadhari ni wajibu. Mwili uliokwisha kutakaswa kwa mizizi, au kwa kufungiwa chumbani juma zima, hupoteza uzoevu wake, hata kipimo kile kile cha zamani, kijana akikirudia siku moja tu, chaweza kumtoa roho. Sala, kazi ya shamba, na mikutano ya nasaha kama ile ya nyumba za wanaoacha unga huko Unguja, ni msaada adhimu, mradi tabibu asiwekwe kando. Nayo Kaunti ya Kitui, yenye dhamana ya zahanati zetu, twaitaka iisogeze methadoni karibu.