Sekunde 36 Zatosha

Vijana wenzangu, kuna swali limenichosha masikio. Ukimwonyesha mtu redio ya LoRa, kidude kinachoenea kiganjani, anauliza: "Kinaonyesha video?" Ukijibu hapana, anacheka. Eti mchezo wa watoto!

Mchezo gani huo? Mwaka 2017, huko Ulaya, puto lilipaa karibu kilomita 39 angani na redio ya miliwati 25. Ujumbe wake ukadakwa kilomita 702 mbali. Miliwati 25, bwana! Simu ya GSM huweza kufikia wati 2, yaani mara 80 ya hapo. Siri ni kwamba LoRa haipigi kelele. Inapiga mluzi wa polepole unaopanda na kushuka masafa, na mpokeaji huutambua hata ukizama ndani ya makelele.

Wengine wanasema tungoje makampuni. Tungoje hadi lini? Kweli, ufundi wenyewe una mwenyewe: ulibuniwa na Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, nayo Semtech ya Marekani ikaichukua mwaka 2012. Lakini mtandao si lazima uwe wake. Mwaka 2015 raia wa Amsterdam waliufunika mji wao kwa vituo 10 tu. Mwaka 2020 ikaja Meshtastic, ambapo kila kidude kinapokea na kumpasia mwenzake, bila mnara wala vocha. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania nzima ilionja utamu wa kungoja. LoRa haiwezi kuziba pengo la intaneti, tusidanganyane. Ila "Mto umefurika, msivuke" inaibeba vizuri tu.

Sasa nanyi wapenzi wa vidude, msicheke bado. Ujumbe mmoja wa Meshtastic ni herufi mia mbili na ushei. Ulaya, sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 868 ina sheria: usitumie hewa zaidi ya asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Nanyi mnazijaza nini? "Halo, halo, mnanipata?" Kutwa nzima! Umejenga barabara ili upite ukipiga honi?

Ubeti wa utenzi una mizani 32. Washairi wa Pate na Lamu walisimulia vita vizima kwa kipimo hicho, na ubeti mmoja unaenea ndani ya ujumbe mmoja, nafasi ikabaki. Nani basi anayefaa kuutumia mtandao huu kuliko sisi tunaojiita waandishi?

Kwa hiyo ulizeni mamlaka ya mawasiliano masafa yapi yako wazi, pandisheni antena juu ya paa, halafu semeni jambo. Asiye na la kusema, hata umjengee mnara, atabaki na halo yake.